Anwani Mpya ya Mlango wa Kwanza

"Hapa hapana mlango," mlinzi alirudia, akiwa ameketi katikati ya mlango.

"Bwana Makame," nilimwambia, "mgongo wako umeegemea bawaba."

"Umeegemea, sikatai. Lakini si bawaba ya mlango."

"Ni ya nini, basi?"

"Hilo waulize waliobadilisha."

Aliyebadilisha ni mimi, na yeye alijua. Ndiyo maana alisema akiwa anatazama juu ya kichwa changu.

Mama mmoja kijana, Mwanahija, alinipita akaenda kuzipiga nguzo za mlango kwa viganja. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa. "We Makame! Mwanangu yuko ndani. Nimemwacha kalala kwa bibi yake, nikatoka kutazama sherehe yenu ya kipuuzi. Sasa ameamka. Humsikii?"

"Namsikia, dada. Ana sauti nzuri, mashaallah. Lakini kibao chako cha shingoni kimeandikwa Mlango wa Kwanza, anwani ya Saba. Hapa si Saba tena. Hapa ni Kumi na Tisa."

"Basi bibi yake amtoe nje nimnyonyeshe."

"Amtolee wapi? Nimeshasema hapana mlango."

Waziri wa Milango, Bwana Fumu, mtu mnene aliyevaa joho zito kuliko hali ya hewa ilivyotaka, alikohoa ili tumheshimu. "Mlinzi, vibao vya Kumi na Tisa vinatolewa wapi?"

"Ofisini, mheshimiwa."

"Na ofisi iko wapi?"

"Ndani, mheshimiwa."

Waziri alinigeukia. Na wenye mji wote, ambao nao walikuwa nje pamoja nasi, walinigeukia. Nina watoto watatu nyumbani, na ninaijua vizuri sura ya mtu anayesubiri mwingine akiri kwamba ndiye aliyevunja. Sikuwahi kuiona kutoka upande ule.

Nieleze kwa ufupi tulivyofika hapo, maana aibu ikielezwa kwa urefu hugeuka majivuno.

Nchi ya Vizingitini ni mji mmoja uliozungushiwa ukuta. Nje ya ukuta kuna Gulio, soko lisilo na mwisho, ambako kila kitu kinauzwa, pamoja na uongo, sumu na nyimbo. Wenyeji wanalihitaji Gulio na wanaliogopa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hakuna kinachoingia mjini bila kukaguliwa. Unga hunuswa. Nguo hukung'utwa. Wimbo mpya huimbwa kwanza mbele ya mkaguzi, na mguu wake ukitikisika, wimbo unarudishwa. Vichekesho navyo hutolewa mbele ya wakaguzi, na mmoja wao akicheka, kichekesho kinazuiwa; wasipocheka wote, kinapita. Nilikaa mjini siku kadhaa nikisimuliwa vichekesho vilivyopita. Sina la kuongeza.

Waliniita kwa sababu ya stashahada yangu. Ni stashahada ya mitandao ya kompyuta, niliyoipata nikiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na tangu siku hiyo sijapata kikao ambacho sikuitaja. Kompyuta Vizingitini hakuna. Waziri Fumu alisema mlango ni mlango, na anayejua kupanga njia za mashine atajua kupanga njia za watu. Nilikubaliana naye kabla hajamaliza sentensi.

Sheria zao za milango ni hizi. Mbao na bawaba hazitoshi kuufanya mlango uwe mlango. Lazima uwe na jina, watu wautaje. Anwani, watu waufikie. Na barakoa, ili ujue jirani zake ni nani. Barakoa ni kitambaa anachovaa mlinzi usoni, chenye matundu. Anayeonekana kupitia matundu ni jirani, naye hupita kwa salamu. Asiyeonekana ni mgeni, hata kama wamezaliwa nyumba moja, na lazima aoneshe kibao. Barakoa ya Makame ilitobolewa na fundi mwoga. Kupitia matundu yake alikuwa anaona nguzo moja ya taa. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa wageni, na mkewe alipomletea uji alidaiwa kibao, akarudi nyumbani kukichukua, uji ukapoa. Makame aliulaumu uji.

Ukuta una milango mitatu. Wa kwanza ndio huo wa Makame, na kila kitu hupita hapo: magunia, maharusi, majeneza, na amri za serikali. Amri ikipita, kila mtu husimama kando na kuupa ukuta uso mpaka ipite, na amri Vizingitini zinapita nyingi kuliko magunia. Wa pili umejengwa vizuri zaidi kuliko wa kwanza na haujapata kutumika. Wa tatu si wa kupita bali wa kutazama: ni kibaraza kilichoezekwa juu ya ukuta, ambako Watazamaji huona kila kinachoingia na kutoka, kisha huambizana. Hawana ruhusa ya kumzuia mtu wala kumfungulia. Ndio watumishi waliochoka kuliko wote nchini.

Nilipofika, nilitembea mjini nusu siku nikagundua kosa. Mlango wa Kwanza ulikuwa na anwani ya Saba, na duka la mikate la Mzee Pandu nalo lilikuwa na anwani ya Saba. Kwa miaka mingi nusu ya amri za serikali zilikuwa zinafika kwa mwoka mikate, na nusu ya unga wake ukimwagwa miguuni kwa Makame. Hakuna aliyeshangaa. Pandu alikuwa amezoea kutangaza kodi mpya kila asubuhi huku akipanga maandazi, na watu walisema kodi za kwa Pandu zinalipika kwa sababu unaondoka na kitu cha moto mkononi.

Mimi nilishangaa. Kikombe kikikaa upande, sikai. Nilikwenda kwenye Kiti cha Maagizo, kile kiti cha mawe kilichomo ofisini nyuma ya Makame, nikatamka mbele ya baraza kwamba Mlango wa Kwanza uhame kutoka Saba kwenda Kumi na Tisa, anwani isiyo na mtu. Agizo lilikuwa sahihi. Nitasema hivyo mpaka nife: agizo lilikuwa sahihi.

Lakini Vizingitini neno lililotamkwa Kitini halina nguvu bado. Linaning'inia tu, na unaweza kulifuta kwa kupunga mkono, mpaka upatu, ile sahani ya shaba ya baraza, ulie. Upatu ukilia, limekuwa. Waziri Fumu akasema jambo kubwa kama hili linastahili sherehe, upatu ubebwe nje, tuipigie anwani mpya mbele ya mlango wenyewe, mji wote utoke uone. Kwa heshima ya ugeni wangu nikakabidhiwa kijiti cha kupigia. Mtu mwenye akili angeuliza swali moja dogo: tukishapiga, tutarudi ndani kwa anwani ipi? Mimi niliuliza kama upatu unapigwa kwa mkono wa kulia.

Nikaupiga. Ulilia vizuri sana.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa nje wote, baraza, wakaguzi, maharusi wawili na upatu wenyewe, huku ndani wamebaki wazee, wagonjwa na watoto waliolala. Mlango wa Kwanza sasa ungeweza kubadilishwa kutoka Kitini tu, na Kiti kilikuwa hatua chache nyuma ya Makame, tunakiona.

"Vua hiyo barakoa basi," Mwanahija alimwambia Makame. "Unitazame. Unanijua mimi!"

"Barakoa huvuliwa kwa amri ya Kiti."

"Nilikuwepo harusini kwako!"

"Nakumbuka. Ulikula sana."

Juu ya ukuta Mtazamaji mmoja aliinama. "Kombo ameamka kabisa sasa," alitangaza. Kombo ndiye mtoto. "Bibi yake anampa kidole anyonye."

"Amekikubali?" Mwanahija aliuliza.

"Amekitema."

Mwanahija aliketi chini, akakunja mikono kifuani kwa nguvu, akaanza kutikisika mbele na nyuma. Mwanamke aliyenyonyesha anajua maumivu yale, jinsi maziwa yanavyoitika sauti ya mtoto bila kukuomba ruhusa. Nilitaka kumwambia pole. Nilichosema ni, "Kitaalamu, tatizo ni dogo sana." Alinitazama, nikarudi hatua mbili nyuma.

Waziri Fumu akaitisha baraza palepale. Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba tusubiri, kwani huenda mlango ukaikumbuka anwani yake ya zamani. Ikakataliwa kwa sababu ingeonesha udhaifu. Hoja ya pili ilikuwa kumwadhibu Mzee Pandu kwa kuwa na anwani ya Saba. Pandu, aliyekuwa amesimama nyuma na unga kwenye nyusi, alisema yuko tayari kuadhibiwa mradi adhabu itolewe ndani, kwa maana ameacha mikate jikoni. Ikaahirishwa.

Ndipo Waziri mwenyewe akasimama.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tunateseka kwa sababu tumekubali kuitwa watu wa nje. Nani ametuita hivyo? Ndani ni pale lilipo baraza. Baraza liko hapa. Natoa hoja kwamba hapa tulipo ni ndani, na hao waliobaki kule, kwa masikitiko makubwa, ndio walio nje."

Wajumbe walipiga makofi. Mikono ikainuliwa. Wa kwangu pia uliinuka, na mpaka leo sijui kwa nini. Ile mingine yote ilikuwa juu. Hoja ikapita bila kupingwa, na baadhi ya watu wakaanza kupongezana kwa kufika nyumbani.

"Hongereni," alisema Mwanahija kutoka chini. "Mwambieni na Kombo, aache kulia. Maana naona yeye hajapata habari."

"Anauma ngumi yake," Mtazamaji aliongeza. "Ya kushoto."

"Wewe nawe!" nilimpigia kelele. "Si ushuke umfungulie mama wa watu?"

"Mimi naona tu, mama," alijibu bila hasira. "Kufungua si idara yangu."

Hapo sauti nyingine ikatoka upande wa kulia wa ukuta, kali, ya mtu aliyekerwa. "Jamani, punguzeni makelele! Wengine tuko kazini!"

Nikageuka. Alikuwa Bi Riziki, mlinzi wa Mlango wa Pili, ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango mrefu wa mbao mbili uliopakwa mafuta ukang'aa. Mama yake alilinda hapo kabla yake, na bibi yake kabla ya mama, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpitisha mtu. Baraza lilikuwa linajadili jina la mlango ule tangu ulipojengwa. Wengine walitaka jina la mwasisi wa mji, wengine jina la waziri aliyepo, na mawaziri walikuwa wanabadilika haraka kuliko mjadala. Mlango usio na jina, anwani wala barakoa ni ukuta. Nilikuwa nimepita mbele yake siku zote zile, nikausifu kwa ufundi wa seremala, nikaendelea na safari yangu ya kurekebisha kile pekee kilichokuwa kinafanya kazi.

Nikamwendea. "Bi Riziki, shikamoo."

"Marahaba. Punguzeni makelele."

"Mlango huu ukitaka kufunguliwa, amri inatoka Kitini?"

"Kiti gani? Huu hauna Kiti. Mlango mpya huamriwa mara ya kwanza kwa mdomo, mbele ya mlinzi wake. Nipe jina, anwani na barakoa, nipigie upatu. Bibi yangu alikufa anasubiri hayo."

"Na hukusema?"

"Nimeulizwa na nani?"

Waziri Fumu alikuwa ameshafika, anahema. Aliniita pembeni. "Mama Zamda," alisema kwa sauti ya chini, akitumia jina la mwanangu mkubwa kama afanyavyo mtu anayetaka upendeleo, "mlango huu usiuguse. Unafikiri tumeshindwa jina muda wote huu? Watu wakipata mlango wao, amri zitapita peke yazo. Nani atasimama kando? Nani atatuona tukipita?"

"Mtoto ana njaa, mheshimiwa."

"Mtoto atakua. Serikali ikidharauliwa, haikui tena. Na ukumbuke sheria: mtaalamu akikosea mara ya pili, anabaki nje ya ukuta."

"Mheshimiwa, niko nje ya ukuta."

"Tumepitisha kwamba hapa ni ndani."

Nilikwenda kuuvuta upatu mpaka kwa Bi Riziki. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa na woga, na niseme ukweli kwamba haukuwa woga wa Waziri. Nilikuwa nimekishika kijiti cha upatu na nikajiona asubuhi ile, nimesimama hivihivi, nina uhakika hivihivi. Mtu aliyekosea akiwa sahihi hana pa kujishika. Basi nikafanya jambo ambalo sikulifanya asubuhi. Niliuliza.

"Jamani!" niliwapigia kelele watu. "Anwani ya Thelathini ina mwenyewe?"

"Ni kwa shangazi yangu!" mtu alijibu.

"Arobaini?"

"Kisima."

"Arobaini na Mbili?"

Mzee Pandu akainua mkono. "Hiyo ni banda la mbuzi la shemeji yangu."

"Hamsini na Moja?"

Walitazamana. Wakaulizana. Nikaacha waulizane mpaka waliposhindwa kumpata mwenyewe, nikarudia tena kuuliza, nikaonekana mjinga, nikavumilia.

"Mtaa wa Vinu, huko unakokaa, uko upande upi?" nilimuuliza Mwanahija, kwa kuwa sheria inakataza milango miwili kutazama mahali pamoja. Zamani, kwenye ukuta wa kale, walinzi wawili walimdai punda mmoja, wakampitisha ndani na nje mpaka akalala chini asiamke.

"Nyuma yake hapo hapo," alisema, akinyanyuka. "Kote huku ni Vinu. Tunakaa sote huku, tulio wengi."

"Ule wa Makame unaona nguzo ya taa. Hautagombana na huu."

Nikavua kilemba changu, nikakitoboa kwa meno na kukichana kwa vidole, matundu makubwa, makubwa kiasi kwamba fundi yeyote wa Vizingitini angezimia. Bi Riziki alikifunga usoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia.

"Mbona wako wengi hivi?" alisema.

"Ndio jirani zako."

Ilibaki kuamua jambo moja, na nililifikiria nikiwa nasikia kilio cha Kombo kimeanza kukatika katikati, kama cha mtoto anayekata tamaa. Baraza lote lingependa kupita hapa. Wangepita kwanza, kwa vyeo, na majoho yao, na amri zao mkononi. Mwanahija angesimama kando na uso ukutani akiwasubiri. Na kesho mlango huu nao ungekuwa kama ule wa Makame. Chuoni walitufundisha kwamba njia ya wenye kuamuru itengwe na njia ya watumiaji. Niliijibu hiyo kwenye mtihani nikapata alama zote, kisha nikaja nchi ya watu nikaisahau kwa ajili ya sherehe.

Nikasimama mbele ya Bi Riziki.

"Huu unaitwa Mlango wa Watu," nilisema kwa sauti ya kusikika. "Anwani yake ni Hamsini na Moja. Barakoa yake inaona Mtaa wa Vinu wote. Wanaopita hapa ni watu na mizigo yao. Amri hazipiti hapa, wala wanaotoa amri. Wao wana mlango wao."

"Mlango wetu umefungwa!" Waziri alipiga kelele. "Mama Zamda! Sheria hiyo itatuacha nje!"

"Si mlisema ni ndani?" mtu aliuliza kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza nilisikia watu wa Vizingitini wakicheka.

"Mwanahija," nilisema, "ukishamnyonyesha, nenda ukakae Kitini. Tamka kwamba Makame avue barakoa na atoe vibao vya Kumi na Tisa, Mtazamaji atuambie, nami niupige upatu huku. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Lakini mpaka ashibe."

"Mpaka ashibe."

"Na acheue."

"Na acheue. Nenda."

Waziri alinyoosha mkono kuchukua kijiti. Nikampa mgongo, kama ninavyowafanyia wanangu wakigombea mwiko, nikaupiga upatu kwa nguvu zote.

Bi Riziki aliinuka kwenye kigoda, akaweka bega kwenye mbao, na mlango ukafunguka bila mlio hata kidogo. Mwanahija alikuwa ameshapita kabla haujafika mwisho. Watu wa Vinu wakamfuata, na wale maharusi, na Mzee Pandu anakimbilia mikate yake, kila mmoja akisalimia na kusalimiwa. Waziri Fumu akajitupa katikati yao. Bi Riziki alimwekea mkono kifuani.

"Wewe nani?"

"Mimi ni Waziri wa Milango!"

"Basi huku hupiti. Nenda kwenye mlango wako ukasubiri."

Nikajongea nami, nikiwa nimechoka, nikiwaza maji ya kunywa. Bi Riziki alinitazama kupitia kilemba changu.

"Na wewe je, mama? Tangu asubuhi unafanya nini hapa?"

Nilitafuta jibu jingine mbali na kutoa amri. Sikulipata. Juu ya ukuta Mtazamaji akasema mtoto ameshika titi na amefumba macho. Nikarudi nyuma, nikatandika kanga yangu chini ya ukuta, nikamsogezea Waziri Fumu nusu yake, tukaketi.